Jina la Arobaini na Tisa

Mama yangu alihamia jikoni kwangu siku upepo wa ziwa ulipobeba bati za nyumba yake, na tangu siku ile bwana wangu akawa mgeni kwenye parseli yake mwenyewe, kiwanja alichokijenga. Kwetu hapa Baraka, mwanaume na mama mkwe wake hawatazamani usoni, hawali pamoja, hawapeani mkono, na jina la mkwe halitamki hata akiwa peke yake shambani. Ni heshima, na mimi siidharau. Lakini hebu jaribu kuiishi kwenye parseli ya hatua kumi na tano! Bwana wangu ni fundi wa cherehani. Alikuwa akirudi kutoka sokoni anasimama njiani, anakohoa mara tatu, anangoja mama avute kitenge kichwani na kuingia jikoni, ndipo na yeye aingie. Akitaka kuoga, anakohoa. Akitaka kwenda choo, anakohoa. Majirani wakaanza kumletea majani ya kuchemsha ya kikohozi.

Mwezi wa kwanza nilicheka. Mwezi wa pili kicheko kiliniisha, maana nyumba ya mama, ile iliyo nyuma ya kwetu, ilikuwa imesimama wazi, kuta zake za matofali mabichi zikitazama mbingu. Mvua ya kwanza ya Septemba ingeziyeyusha zote, na hapo hakungekuwa na nyumba ya kuezeka tena. Kila asubuhi mama alitoka kuangalia mawingu upande wa Ubwari, halafu anarudi na kuniambia, "Mutoto yangu, mi nataka kwangu. Hapa natembea sawa mwizi." Na mimi sikuwa na bati hata moja la kumpa. Iliniuma sana.

Hapo ndipo habari ya pesa ya Leta iliporudi. Leta ni serikali, ndivyo tunavyoiita tangu babu zetu. Leta ilisema itawapa kitu kidogo wazee, wajane na vilema, na liste ya majina ingetoka juu, hakuna wa huku atakayeijua mpaka siku yenyewe. Mji mzima ulikuwa na maoni. Mwalimu mmoja mstaafu, ambaye pensheni yake bado iko njiani tangu aache kufundisha, alikuwa akipita duka kwa duka akisema, "Wananinyima mshahara yangu, halafu wanataka niipokee sawa sadaka!" Jirani yangu, mama mwuza ndakala, wale dagaa wa ziwani, mwenye sauti ya kufikia Lweba bila simu, alisema Leta ni kama bwana mwenye wake wengi: anakuja mara moja kwa mwaka, analeta kilo moja ya sukari, halafu anataka asifiwe hadi Pasaka. Mama mmoja mkimbizi kutoka Burundi, tunayelima naye bondeni, alicheka mpaka akaketi. "Kule kwetu kambini tunasema nyinyi ndio munapata. Na nyinyi munasema ni sisi. Sasa nani anapata?"



Kilichotukasirisha zaidi ni mara iliyotangulia. Mara ile walisoma namba tupu, na watu wakapokea pesa za marehemu. Kuna mwanaume aliyezikwa mbele ya macho yetu, na pesa yake ikachukuliwa na mtu mzima kabisa, mwenye afya, mwenye pikipiki. Basi komite ya mtaa ilipoita mkutano, mimi ndiye niliyesimama. Nina hasira za karibu, sikatai. Nikapiga kelele, "Safari hii hapana namba tupu! Jina lote! Lake, la baba yake, na la babu yake! Na sisi wote tuitikie kama tunamujua!" Walipiga makofi. Nikaendelea, "Na asome muntu wa hapa, mwenye sauti, asiyeweza kuiba!" Wakauliza ni nani huyo. Nikasema, bwana yangu. Yeye ndiye anayesoma matangazo ya ndoa kanisani kila Jumapili, na hajawahi kukosea hata herufi. Wakapiga makofi tena. Niliketi chini nikijisikia kama mke wa waziri.

Siku ya malipo tulijaa kwenye uwanja wa shule tangu asubuhi. Mama alikuja pia, si kwa tumaini kubwa, akakaa nyuma kabisa kwenye ukuta, mbali na mkwe wake inavyopasa. Afisa aliyeleta pesa alikuwa mama mmoja mpole kutoka Uvira, ana tableti mezani na walinzi wawili. Bwana wangu akapanda juu ya benchi na megafoni mkono mmoja, karatasi ya liste mkono wa pili, shati limepigwa pasi na mimi mwenyewe.

Ilikwenda vizuri. Anasoma namba, anasoma jina lote, watu wanaitikia "Tunamujuaaa!" na mwenye jina anakwenda kuweka kidole kwenye tableti. Jina moja la mzee lilipotajwa, nusu ya uwanja ilipiga kelele "Huyo alikufa!" na sauti ikajibu kutoka pembeni kwa uchungu, "Nani alikufa? Nilikuwa Ubwari kwa dada yangu!" Tulicheka, hata walinzi walicheka. Nikasema moyoni, leo tumeiweza Leta.

"Arobaini na nane," akasoma bwana wangu. Mjane mmoja akaenda. Kisha akafungua mdomo, akaufunga. Akapangusa uso. Akakohoa.

"Hamsini," akasema.

Mama mwuza ndakala akasimama. "We! Arobaini na tisa iko wapi?"

"Tutairudilia," akasema bwana wangu.

"Mutairudilia wapi? Tumboni? Baishaikula!"

Yesu wangu! Uwanja wote ulisimama. Mwalimu mstaafu alikuwa wa kwanza kufika mbele, fimbo juu, akisema alijua tu, alijua tangu asubuhi. Wengine wakapiga filimbi. Bwana wangu, mtu ambaye akipewa kitambaa cha mteja hurudisha hata vipande, akasimama juu ya benchi akiitwa mwizi na mtaa mzima. Akainua megafoni. "Wapendwa, arobaini na tisa ni muntu wa heshima sana."

"Muntu wa heshima anatafuta nini kwa liste ya bamaskini?" alipaza mama mwuza ndakala, na watu wakacheka kile kicheko kibaya.

Hapo damu ilinipanda. Nikasukuma watu, nikafika kwenye benchi, nikavuta ile karatasi mkononi mwake tayari kumgombeza yeye kwanza na umati baadaye. Nikaangalia namba arobaini na tisa. Lilikuwa jina la mama yangu. Lake, la baba yake, na la babu yake, yote matatu, kama nilivyodai mimi.

Nilihisi furaha na aibu pamoja, sikujua nianze na ipi. Bwana wangu akaniinamia, jasho linamtiririka hadi kwenye kola. "Ni weye ulisema jina lote," akaninong'oneza.

"Shuka, nitasoma mimi."

Nilipogusa tu megafoni, jirani yangu akapasuka. "Bibi na bwana! Baishagawana!" Nikapaza kwamba ni mama yangu, kelele zikaimeza sauti. Afisa wa Uvira, mama wa watu, akataka kusoma yeye kumaliza maneno. Umati ukakataa katakata. Mgeni atasoma jina lolote, walisema, na sisi tutajuaje? Asome yuleyule tuliyemchagua. Tulikuwa tumeipigania hiyo sheria, na sasa hakuna aliyekubali kuilegeza hata kidogo. Afisa akatazama saa. Akatuambia kwa upole kwamba gari linaondoka saa tisa, na asiyeitwa atamwandika hayupo, na pesa yake itarudi ilikotoka. Hakuna mara ya pili.

Nikageuka nikamtafuta mama. Alikuwa amekaa palepale kwenye ukuta, kitenge kimefika machoni, hajui lolote, anatazama mawingu. Nikafikiria zile kuta za matofali. Nikataka kulia mbele za watu.

"Mama yako iko upande gani?" bwana wangu akaniuliza.

"Nyuma, kwa ukuta."

Akageuka juu ya benchi mpaka mgongo wake ukawa kwetu sote na uso wake kwa ziwa. Akainua megafoni. Nilidhani atalinong'ona au atalimeza nusu. Hapana. Alilisoma kama anavyosoma majina ya bibi arusi kanisani, polepole, kila jina na nafasi yake. Jina lake. Jina la baba yake. Jina la babu yake. Lilikwenda juu ya paa za shule, likaenda majini.

Kisha mama mwuza ndakala akajishika kichwa kwa mikono miwili. "Mungu wangu! Ni mukwe wake!"

Basi! Hamjawahi kusikia uwanja ukicheka namna ile. Watu walishikana mabega. Mwalimu mstaafu aliangusha fimbo. "Tunamujuaaa!" walipaza, mara mbili, mara tatu, na bamama wakapiga vigelegele. Mama akainuka polepole, akapita katikati yao akiwa wima kabisa, akaweka kidole chake kwenye tableti. Bwana wangu bado alikuwa anatazama ziwa, na kwa usalama zaidi alikuwa amejifunika uso kwa liste.

Alasiri ileile kaka yake mama alifika kwetu kudai mbuzi wa faini. "Amemutaja mukwe wake!" alisema. "Na si kwa mudomo tu, na megafoni!" Bwana wangu akainamisha kichwa, akasema ni haki, mbuzi atapatikana. Lakini mama akatuma neno kutoka jikoni kwamba yeye hataki mbuzi, hataki hata kuku, na kaka yake aende nyumbani akapumzike. Mjomba alikasirika, akanywa chai vikombe viwili, akaenda.

Bati zilipandishwa wiki ile, na mvua ikatukuta tumemaliza. Siku mama aliporudi kwake nilikwenda kumsaidia kufagia. Alikuwa akiimba. Nikamuuliza kwa nini alikataa mbuzi, maana mbuzi ni mbuzi.

Akaegemea ufagio. "Mutoto yangu, tangu baba yako afe, hakuna muntu mwenye aliniita kwa jina yangu. Mi ni mama yako, mi ni koko ya bajukuu, mi ni ule mujane wa kule nyuma. Siku ile nilisikia jina, nikageuka kuangalia ni nani banamuita. Kisha nikakumbuka ni mi."

Nimepita miaka hamsini na sikuwa nimewahi kulitamka.

"Na we sema," akaniambia.

Nikalisema, yote matatu. Sauti yangu haikuwa nzuri kama ya bwana wangu. Mama akaweka ufagio chini, akakaa kwenye kiti chake.

"Tena," akasema.