Usaili wa Pili wa Dorkas

Dorkas alikuwa ameshindwa usaili mara moja, na aibu yake haikuwa imemtoka. Kampuni moja ya Dar es Salaam inayouzia hospitali mifumo ya kompyuta ilimpa tatizo, naye akalirukia: akachora seva, akachora mishale, akaongea dakika arobaini. Mwishoni msaili akamuuliza, "Umejuaje kwamba mteja anataka hivyo?" Akarudia kumwonyesha mishale yake.

Miezi sita baadaye wakamwita tena kwa kazi ileile: mhandisi wa kukaa na wateja, asikie shida zao, kisha awachoree mfumo wa kuzitatua. Zilibaki siku tisa. Chakula kikawa hakipiti.

Akaenda kijijini Ulemo, mkoani Singida, kwa mjomba wake Hezekia, aliyetunza stoo ya dawa ya zahanati mpaka alipostaafu.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Mbona umekonda hivyo?"

Akamweleza, akamwomba ajifanye mteja. Mzee akavaa miwani. Dorkas akachora daftarini robo saa nzima.

"Sijaelewa," mzee akasema.

Akarudia. Bado. Mara ya tatu akatupa kalamu, machozi yakimlengalenga.

"Mwanangu, unanieleza uliyosoma. Mimi dawa zinaniishia kabla gari halijafika. Hujaniuliza hata gari linakuja lini."

Wakarudia kila asubuhi kwa wiki nzima, kabla mzee hajaenda kwenye alizeti zake.

Siku ya usaili Dorkas alikuwa Singida mjini, chumbani kwa rafiki yake Esta, ambako mtandao ni mzuri. Wasaili watatu wakatokea kwenye kompyuta, wakampa tatizo: zahanati arobaini zinataka kugawana taarifa za chanjo. Mkono ulikimbilia kalamu, akauzuia.

"Kabla sijachora, naomba kuuliza. Huko mtandao ukikatika, hukaa siku ngapi?"

Aliuliza maswali sita, ndipo akachora. Kisha msaili akasema, "Wauguzi wawili wakibadilisha taarifa za mtoto mmoja kwa wakati mmoja, zibaki za nani?"

Dorkas akaweka kalamu mezani. "Jibu zuri sina. Kwa sasa ningehifadhi zote mbili, muuguzi mkuu aamue."

Wote watatu wakaandika.

Akarudi kwa mjomba, siku kumi na mbili zikapita. Kila simu ilipolia alitoka nje mbio kutafuta mtandao, kumbe ni Esta anauliza kama ameitwa. Siku ya kumi na tatu ilikuwa sauti ya mwanamke asiyemjua: wamempokea, kwa majaribio ya miezi mitatu, chini ya mhandisi mwingine.

"Swali la wauguzi hukulijibu vizuri," akaongeza, "ila hukutudanganya."

Dorkas akashukuru, akauliza anaripoti lini. Jumatatu, akaambiwa, na siku hiyohiyo watakwenda kwa mteja. Akakaa mlangoni, akafungua daftari, akaanza kuandika maswali ya kumuuliza mteja huyo.