Siku Niliyomtafsiria Saidi Sinema

Hili naona haya kulisimulia hata leo na mvi zangu, lakini mmening'ang'ania, basi niseme mara moja nipumzike. Mimi na Saidi tulichanjiana damu tukawa ndugu, tukiwa vijana kule kisiwani kwetu Nosy Be, na mtu mliyechanjiana humwambii hapana (yaani mimi ndiye nilikuwa simwambii, yeye alijua kulisema vizuri tu). Alipohamia Mahajanga, miaka ile ya mwanzo ya uhuru, akaniita nikamposee binti wa Mzee Bakari, maana msemaji wa posa awe mtu anayemjua muoaji nje ndani. Nikapanda meli, nikatapika njia nzima.

Posa ilikuwa jioni. Mchana Saidi akasema, "Twende sinema kwanza, Madi, unitafsirie." Nami, mjinga, nikakubali.

Filamu ilikuwa ya Kifaransa, ya kuchekesha lakini chungu: bwana mmoja kamganda rafiki yake, anavaa nguo zake, anasababisha afukuzwe kazi, halafu rafiki ndiye anayeomba radhi. Nikaanza kunong'ona kwa Kimalagasi, wa nyuma wakasema pandisha sauti, nikapandisha, watu wakacheka, nikavimba kichwa, na mara yule wa kwenye pazia anasema lake nami nasema langu: "Kanzu yangu ya Idi uliivaa ukairudisha imeungua. Mchumba wangu ulinikosesha kwa uongo wako. Nimekuchoka, Saidi, nimekuchoka."

Kumbe mkanda ulishakatika zamani, ukumbi mzima kimya unanisikiliza mimi (nilikuwa nimefumba macho). Taa zikawaka. Safu ya nyuma yetu, kofia mapajani, alikaa Mzee Bakari, ambaye nyumbani aliaga anakwenda bandarini.

"Kijana," akaniambia taratibu, "jioni usijisumbue. Posa nimeshaisikia."

Nje sikuweza kumtazama Saidi. Saidi alimpenda kweli binti yule, safari hiyo hakuwa na mzaha, na mimi ndiye niliyemharibia. Nikangoja anitukane. Tena, Mungu anisamehe, nilitamani anitukane, tuachane pale pale.

Akanishika bega. "Nimekusamehe, ndugu yangu," akasema. "Mke sina tena, na mji huu umenishinda. Narudi na wewe Nosy Be, nitakaa kwako."

Akakaa. Tangu siku ile sijamtafsiria mtu hata barua, na wakiniuliza filamu ile iliishaje nawaambia haijaisha, iko chumba cha uani, inangoja chai.