Kikombe cha Mvua ya Kwanza

Siku ile ya mvua ya kwanza naikumbuka, mwanangu Famau, na kila nikiikumbuka mikono yangu hupata baridi. Sijapata kuogopa vile tena, hata siku niliyopasuliwa tumbo kule Lamu. Kaa vizuri, weka simu chini. Umekuja kunipa habari kwamba umechaguliwa mwenyekiti wa kamati ya maji hapa Kizingitini, nami nimefurahi na nimekuombea dua. Lakini ulipoanza kunitajia watu uliowateua wakushauri, furaha yangu ikaingia hofu. Wote nawajua. Wote ni marafiki zako wa tangu madrasa na shemeji zako. Mwisho ukanitaja na mimi shangazi yako, ukacheka, ukasema, "Wewe najua huwezi kuniangusha."

Maneno hayohayo niliambiwa na baba yako.

Kaka yangu Shee, Mungu amrehemu, alipewa kiti hichohicho kabla wewe hujazaliwa. Mimi wakati huo nilikuwa nimeachwa na mume, nimerudi nyumbani na Zuhura wangu akinyonya. Nilikula kwa kaka, nikalala kwa kaka, nguo ya mtoto ilitoka kwa kaka. Alikuwa mtu mwema, lakini mkali jamani! Akikunja uso, watu wazima na ndevu zao walianza kutafuta viatu waende zao. Basi wakubwa wa serikali wakaagiza kwamba kila kamati iwe na mwanamke, naye akanitia mimi. Usidhani ni kwa akili zangu. Alijua mtu anayelala kwake hatafungua mdomo.

Nyinyi mmekulia matangi ya plastiki, huenda hujaiona jabia ikifanya kazi. Ni sakafu pana ya chokaa iliyozungushiwa ukuta, imelazwa kidogo upande mmoja ili mvua iteremke iingie kwenye mdomo wa birika la maji lililojengwa chini ya ardhi. Maji ya birika hilo ndiyo yaliyonywewa na kijiji kizima mpaka mvua nyingine. Kwa hiyo kabla ya mvua sakafu hufagiwa, na hata ikishafagiwa, mvua ya kwanza haifanyiwi tamaa. Mdomo huzibwa kwa matambara, maji ya mwanzo yakatolewa nje kwa tundu la pembeni mpaka sakafu itakate. Hilo kila mtu alilijua, mpaka watoto.

Mwaka ule kiangazi kilituchosha. Visima viligeuka chumvi, chai ikawa hainyweki. Ukuta wa jabia ulikuwa umebomoka upande mmoja, na punda wakaifanya sakafu kuwa zizi lao. Tulipanga kuujenga ukuta na kufagia, lakini tukawa tunapanga tu. Alasiri moja, kamati nzima tumekaa barazani kwa kaka, wingu likajikusanya upande wa bahari, jeusi, na upepo ukaanza kuleta harufu ya udongo.

Kaka akasimama. Alikuwa ameahidi mbele ya watu kwamba akiwa yeye mwenyekiti, hakuna atakayekunywa tena maji ya kisima. Nadhani ahadi ile ilikuwa inamkaba.

"Hatuyui kama mvua ya pili itakuya," akasema. "Likipasuka hili, mdomo uwe wazi. Hata tone moja lisipotee. Mwaonaje?"

Akawauliza mmoja mmoja. Wa kwanza akasema naam, Bwana Shee. Wa pili akasema hayo ndiyo maneno. Wa tatu akasema tumepata kiongozi. Mimi nilikuwa wa mwisho, nimekaa karibu na mlango. Nilikuwa nikiwatazama nyuso zao. Asubuhi ileile mmoja wao alikuwa amewafukuza punda pale, nikamwona kwa macho yangu, na yeye pia akasema naam. Nikaingiwa na woga wa namna mbili. Niliogopa kusema, kwa sababu kaka akinifukuza sina pa kwenda na mtoto. Na niliogopa kunyamaza, kwa sababu nilikwisha kuona nyumba ya jirani ikizika watoto waliokufa kwa kuhara, na Zuhura alikuwa ndani amelala, hajui lolote.

"Na wewe?" kaka akauliza. Hata hakunitazama. Alikwisha kunihesabu.

Nikasema, "Kaka, mwanangu hatanwa mai haya."

Ni hilo tu lililotoka, kwamba Zuhura hatayanywa. Sauti yenyewe ilikuwa kama ya mgonjwa. Usije ukawahadithia watoto wako kwamba shangazi yao alikuwa shujaa. Mmoja wa wale wanaume akaguna, akasema wanawake na woga wao. Kaka akanitazama, macho mekundu, kisha akaingia ndani. Nikajua amekwenda kuvitoa vitu vyangu.

Matone ya kwanza yakaanza kupiga mabati. Nje wanawake wakapiga vigelegele, ndoo zikagongana njiani. Kaka akatoka. Mkononi alikuwa na kikombe cha bati, kile cha kunywea uji. "Twendeni," akasema.

Tukamfuata na mvua ikitupiga. Mdomo wa birika ulikuwa bado umezibwa, na maji yalikuwa yakiteremka sakafuni yakikusanyika pale. Kaka akainama, akachota kikombe, akakinyoosha kwa yule wa kwanza aliyesema naam. Maji yalikuwa rangi ya kahawia, na harufu ya kinyesi cha punda nikaisikia mimi niliyesimama mbali.

"Nwa," akamwambia. "Ikiwa ni mema, nwa."

Yule bwana akatazama chini. Kaka akampa wa pili, akampa wa tatu, kikombe kikapita mikono yote na hakuna aliyekipeleka mdomoni. Mwisho kikarudi kwake mwenyewe, akakitazama ndani, akakimwaga miguuni pake. Hapo ndipo nilipojua kwamba na yeye ameogopa, pengine kutupita sote. Akasema polepole, "Nyote mwaliyua. Mungeniwacha niwalishe watu sumu, na munitukuze."

Matambara hayakutolewa. Mvua yote ile ikamwagika nje, na jioni mbingu ikatakata kabisa, nyota zikatoka. Watu walinitukana, Famau. Kisimani wanawake walinisogezea ndoo kwa mguu: huyu ndiye aliyetunyima maji. Siku zile nilikaa nikitazama mawingu kwa hofu, nikijiuliza kama nimewakosesha watu kinywaji chao. Sakafu ikafagiwa, ukuta ukajengwa, na mvua nyingine ikaja, alhamdulillahi, ikajaza. Lakini ingeweza kutokuja. Nakwambia hilo ili usifikiri anayekupinga atakuwa sahihi kila mara. Mimi mwenyewe baadaye nilimpinga baba yako mambo mengi, na mengine nilikosea kabisa. Hakunitoa kwenye kamati. Alisema, "Anayenikatalia akakosea hunipotezea siku moja, lakini anayenikubalia akiyua nimekosea hunipotezea watu."

Sasa sikiliza, kwa sababu nimezeeka na sitarudia. Usiwaambie watu unalotaka kabla hujawauliza wanaonaje. Baba yako alilitaja lake kwanza, ndiyo maana wote wakamrudishia. Usijizungushie watu wanaokula kwako peke yao, maana hata wakikupenda, watakuogopa. Mtu akikukatalia mbele ya wengine, usimjibu kwa hasira. Ingia ndani kama alivyoingia baba yako, ukitoka utoke na kikombe. Na kikao chako kikikubaliana haraka, usifurahi. Uliza tena.

Nenda kwa Kombo. Ndiyo, huyohuyo uliyemshinda, anayesema kwenye maskani kwamba huiwezi kazi. Mwombe akae nawe. Ikiwa huwezi kumvumilia Kombo katika chumba kimoja, basi mimi usinitie, kwa sababu safari hii nimezeeka, nakula kwako, na siamini kama nitapata tena ujasiri wa kusema neno lile.

Mungu akupe maji matamu na kijiji chenye afya. Akupe mtu mmoja asiyekuogopa. Na ikiwa wote wanakuogopa, mwanangu, basi Mungu akutie hofu wewe. Amina. Sasa chukua simu yako, mpigie Kombo nikiwa nakusikia.