Nilimwombea Mdogo Wangu Akose Goli

Assalamu alaikum wasomaji wenzangu. Nashukuru ukurasa huu kwa kunifichia jina. Hata majina ya watu wangu nimeyabadilisha, maana Likoni ni ndogo na mimi najulikana. Nina miaka ishirini na saba, ni fundi seremala, nina mke na mtoto wa kike anayeanza kutambaa. Lakini watu hawanijui kwa useremala, wananijua kwa mpira. Nacheza winga ya kushoto, na nikipita njiani watoto huniita kwa lakabu yangu mpaka nifike nyumbani.

Mwaka huu, baada ya mfungo, tulicheza na timu moja ya Changamwe. Mpira ulikuwa mbali nami kabisa nilipoona kiwanja kinazunguka, nikaanguka. Nilipofumbua macho, mdogo wangu Bakari, tuliyekuwa naye timu moja, alikuwa amepiga magoti ananifungua viatu. Bukta yangu ilikuwa imelowa, na halikuwa jasho. Bakari akavua jezi yake akanifunika kabla watu hawajatujaa.

Daktari alinipima akasema mlango mmoja wa moyo wangu haufungi sawasawa, huenda kwa sababu ya homa niliyougua utotoni. "Useremala fanya, ila mbao nzito wabebe wengine. Mpira acha. Ukianguka tena huenda usiinuke." Mke wangu Mwanasha alikuwa pembeni amempakata mtoto, machozi yakamtoka kimya kimya. Nami, naona haya kuandika, sikumfikiria yeye wala mtoto. Nilifikiria ni nani atakayevaa jezi yangu Jumapili.

Aliivaa Bakari. Kila anachokijua cha mpira nimemfundisha mimi. Nilikwenda kutazama, nikaketi benchi karibu na ndoo ya maji. Kipindi cha pili akamtoka beki wao, akabaki yeye na kipa. Wallahi, moyoni nilisema, "Mola wangu, akose."

Akafunga. Kiwanja kizima kikamwita kwa lakabu yangu mimi. Alikuja mbio mpaka kwenye benchi, mikono ameifungua, anacheka. Nikainama nikajifanya nafunga kamba za viatu. Alisimama mbele yangu kidogo, kisha akarudi uwanjani taratibu. Tangu hapo tunasalimiana tu.

Sasa siku ya uhuru imekaribia, na timu yetu imealikwa kucheza mechi ya sherehe. Mwalimu wetu wa mpira alinifuata kazini. "Dakika za mwisho tu, bwana, watu wakuone. Hutakimbia, utasimama tu." Nikakubali kabla hajamaliza. Mwanasha sikumwambia. Na mimi najua hakuna winga anayesimama tu. Mpira ukija upande wangu nitaukimbilia.

Bakari akasikia kwa wenzake. Alinikuta uani nyumbani, Mwanasha akiwa kisimani, akaiweka jezi juu ya mbao niliyokuwa naipiga randa.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba."

"Kama ni jezi, hii hapa. Mimi nitatafuta timu Kisauni. Lakini siku ile ulikuwa hupumui, kaka. Mimi ndiye niliyekuwa nimekushika. Sitaki kukushika vile tena."

Nilitaka kumwomba radhi kwa ile dua, nikaishia kumkaribisha chai. Akaondoka bila hata kuinywa. Mwanasha aliporudi akaiona jezi, akadhani timu imeniletea niiweke kama ukumbusho. Akaifua, akaikunja vizuri, akasema, "Alhamdulillahi, Baba Riziki, hawajakusahau."

Ndugu zangu, nikirudi kwa mwalimu kukataa, Likoni nzima itasema nimeogopa, na kweli naogopa. Nikicheza, huenda Mwanasha akaletewa maiti siku wenzake wanasherehekea. Kinachoniumiza zaidi ni kwamba najua yote haya, na bado nikisikia watu wanashangilia kiwanjani miguu yangu haitulii. Nipeni shauri na msinionee haya. Nimfuate mwalimu nikakatae, au niingie uwanjani mara hii ya mwisho? Na Bakari, nitamtazamaje usoni?