Siku Thelathini za Mama Jeanne

Hortense Chilufya si wakili. Naanza na hilo kwa sababu sisi majirani zake wa mtaa wa Katuba tulimwita Maître, jina la heshima la mawakili, kwa miaka, nami nikiwemo, kwa hiyo aibu ninayoisimulia hapa si yake peke yake.

Kazi anayo, tena kubwa. Aliingia katika kampuni moja ya madini kama mpokea wageni, kisha akapelekwa idara ya sheria kutoa fotokopi. Huko alikuta mikataba imeshindiliwa kwenye makatoni kama mitumba. Siku moja mkataba wa malori ulijiongeza mwaka mzima kwa sababu hakuna aliyeona tarehe ya kuusitisha. Mawakili wakalaumiana. Hortense akakaa chini, akatengeneza jedwali kwenye kompyuta: kila karatasi na namba yake, mtu wa kuitia sahihi, na tarehe yake ya mwisho. Akaweka na sharti ambalo hata mkurugenzi hulifuata: karatasi ikiingia, inapigwa muhuri na tarehe yake inaandikwa kabla mtu yeyote hajaisoma. Leo ana wasaidizi wawili, na mlangoni pake pameandikwa kwa Kifaransa kwamba yeye ndiye msimamizi wa operesheni za kisheria. Miaka kumi na mmoja, hakuna tarehe iliyompita.

Lakini mtajie mtu wa Katuba "operesheni", atakuuliza mgonjwa amelazwa wapi. Siku ya kumaliza kilio cha mjomba wake, msemaji wa familia alitaja wakubwa waliokuja, akamalizia: "Na Maître Hortense naye eko hapa!" Watu wakageuka, kiti kikavutwa mbele. Angeweza kusema hapana. Akatabasamu. Basi akavikwa kilemba cha ukoka, na sisi tukawa tunamkazia kila siku. Kanisani, Maître. Kwa muuza makaa, Maître.

Mwaka jana, mwezi wa tano, Mama Jeanne wa mtaa wa nyuma alibisha kwake na bahasha. Ni mjane. Shemeji yake alikuwa amemshtaki ili amtoe katika kiwanja alichoachiwa na marehemu mumewe, na mahakama ikampa shemeji haki. Hukumu yenyewe ilikuwa imeletwa juzi yake.

"Maître, bananiletea mukanda ya tribunal," akasema, akimnyooshea karatasi hiyo ya mahakama. "Miye sijue kusoma Français. Nifanye nini?"

"Niachiye, mama. Nitaangalia. Usiogope."

Angeweza kumwambia palepale: mama, mimi si wakili, lakini kazini kwetu yuko Aaron, naye ni wakili kweli, kesho nitampelekea. Ni maneno ya dakika mbili. Ila kwa Aaron angejieleza vipi? Kwamba mtaani anaitwa Maître? Hortense aliona haya. Akaitia bahasha mkobani. Aliona bora kwanza aandike muhtasari mzuri wa kesi, ili Aaron akiusoma asimcheke. Akaandika Jumamosi, akafuta. Akanunua kitabu cha sheria kwa wauza vitabu wa kandokando ya barabara mjini, akasoma mambo ya urithi, akaandika tena. Mama Jeanne alipopita kuulizia, alimjibu: "Iko mu njia, mama."

Karatasi ya kampuni ingepigwa muhuri asubuhi ileile. Hii ya Mama Jeanne haikupigwa chochote, maana aliyeishika alikuwa Maître, na maître hapigi mihuri.

Siku alipompa Aaron, muhtasari ulikuwa umenyooka kweli. Aaron hakuusoma. Alifunua ukurasa wa mwisho wa hukumu, akatafuta tarehe.

"Banamupatia hii le deux mai," akasema. "Leo iko le neuf juin. Appel iko trente jours, Hortense. Ulikuwa nayo tangu lini?"

Muda wa kukata rufaa ni siku thelathini tangu kupokea hukumu; toka tarehe mbili Mei hadi tisa Juni ni thelathini na nane. Hortense mwenyewe anasema alitamani ardhi ipasuke. Swali lile ndilo analowauliza wengine kila siku, kwa ukali, na watu humwogopa kwa ajili yake.

"C'est fini," Aaron akasema, akamrudishia bahasha. "Appel haiko tena."

Wiki nzima alitoka kazini kwa njia ya kuzunguka, asipite mlangoni kwa Mama Jeanne. Jumamosi akajikaza, akaenda. Alimkuta anafunga vyombo kwa magazeti, kwa sababu shemeji alishampa siku ya kuhama. Hortense hakukaa. Alisema yote amesimama: siku thelathini zimepita, na zimepita mkobani mwake.

"Tena, mama, nilikudanganya. Miye hapana avocat, hapana wakili. Sikusomaka sheria hata siku moja. Mulikuwa munaniita Maître, na mi nilikuwa nanyamaza. Unisamehe."

Mama Jeanne aliweka sufuria chini.

"Ile nilijua, mama. Tangu zamani." Hakusema kwa hasira, na hilo ndilo baya. "Edith, mutoto yangu, anafagiaka ku bureau yenu. Ye njo aliniambia: ile mama haiko avocat, lakini date haimupitake hata moja. Ba-avocat beko bengi. Miye nilikuya kwako juu ya date."

Hortense alikuwa amejiandaa kutukanwa. Kwa hili hakujiandaa. Mama Jeanne akamsogezea kigoda na rundo la magazeti, na wakafunga vyombo pamoja mpaka vikaisha.