Kodi ya Chumba cha Mwalimu

Mwaka huu nimerudi Kindu, rafiki yangu, baada ya muda mrefu mno. Pikipiki ilinishusha mtaani kwetu, Kasuku, nikabaki nimesimama kama mgeni. Palipokuwa na nyumba ya mjane jirani yetu sasa pana duka la saruji na mabati la mfanyabiashara kutoka Kivu. Mwenye duka aliniuliza nataka nini. Nikamwambia sitaki kitu, naangalia tu.

Nyumba ile ilikuwa ya matofali ya udongo, na chumba cha nyuma alipanga mwalimu wangu wa darasa la nne. Ilikuwa miaka ya vita. Treni haikufika tena, chumvi tuliilamba kwa ncha ya kidole, na chaki zilipoisha mwalimu aliandika ubaoni kwa kipande cha muhogo mkavu. Alikuwa mtu mwembamba, mpole, mwenye baiskeli moja na mashati mawili. Asubuhi nilimsikia upande wa pili wa ukuta akiimba kwa sauti ya puani huku akinawa, na hapo nilijua nimechelewa kuchota maji.

Mimi niliishi na Nyanya, aliyemzaa mama yangu. Ugomvi wa mtaa mzima uliletwa kwenye barza yetu. Watu walikuja wamefura, wakaketi mkekani, naye Nyanya hakuacha kazi yake. Alisikiliza huku akitwanga sombe, majani ya muhogo. Mchi ukisimama, walijua sasa atasema.

Siku moja mjane alikuja na mwalimu. Alitaka kodi ya chumba iwe mara mbili, la sivyo mwalimu ahame.

"Yaya, mimi sina mubaya na Mwalimu," alimwambia Nyanya, akimwita kama dada yake mkubwa. "Lakini shambani siwezi kufika tena, askari wako njiani. Ile chumba njo shamba yangu sasa. Wajukuu watakula nini?"

"Mushahara haiyakuja tangu mwaka jana, Mama," mwalimu alijibu taratibu. "Wazazi wananilipa na mihogo. Nitatoa wapi franga?"

Mchi ulisimama. Nyanya alimwuliza mwalimu kama kaka yake bado analima mpunga kwenye njia ya Kibombo. Akasema ndiyo. Basi Nyanya akaamua kodi ibaki ileile, ila kila mwezi mwalimu amletee mjane beseni la mchele.

"Munakubali?"

Wakakubali. Mjane alicheka mpaka akafuta macho, tukala sombe sote pamoja.

Miezi miwili mambo yalikwenda vizuri. Mwalimu aliondoka Ijumaa baada ya masomo, akarudi Jumapili na matope mpaka magotini, mchele umefungwa nyuma ya baiskeli. Ulipokuwa ukiiva kwa mjane, harufu yake iliruka ukuta, na wajukuu wake waliniita nikale nao.

Mwezi wa tatu mwalimu alikuja kwenye barza peke yake. Nilikuwa pale, nachambua majani ya sombe.

"Mama, wanasema njia imeharibika. Kuna watu wamekamatwa kule. Tungoje kwanza?"

Nyanya hakuinua kichwa. "Mwalimu, ulitoa neno mbele yangu. Ile mama atasema mimi njo nilimudanganya."

Mwalimu alikaza kamba nyuma ya baiskeli. Kisha akaniambia nisisahau hesabu za Jumatatu, akapanda baiskeli yake.

Jumatatu tulikaa darasani tukimsubiri. Jumanne pia. Baada ya majuma kadhaa kaka yake alituma habari kwamba hakuwahi kufika kwake. Hakuna aliyemwona tena.

Mjane alipopata habari hizo alikuja kwetu. Heri angepiga kelele. Alisimama tu mbele ya barza, mikono kichwani.

"Yaya, ningemungoja," alisema. "Mbona hukuniuliza?"

Kutoka barza yetu hadi mlangoni kwake zilikuwa hatua ishirini.

Tangu siku hiyo watu waliokuja na ugomvi aliwaambia waende ofisi ya mtaa. Wakaja wachache, kisha wakaacha kabisa. Mjane naye hakupangisha tena kile chumba, hata alipolala njaa. Wote wawili wamekwisha kufa. Siku hizi mwenye nyumba na mpangaji wanapelekeana karatasi zenye muhuri, na vitanda vya watu vinatolewa barabarani mchana kweupe. Hakuna anayewaita waketi.

Lakini liko jambo ambalo sijamwambia mtu. Siku ile mwalimu alipokuja kuomba angoje, nilikuwa nimetoka kula wali kwa mjane. Niliona beseni kwa macho yangu, bado lilikuwa na mchele wa kutosha. Nilikuwa na miaka tisa, na mtoto hakutia neno wakubwa walipozungumza. Niliendelea kuchambua sombe.