Kadi Iliyomtangulia Nyumbani

Ugenini walimwita Pasi. Alifanya kazi miaka mingi katika chumba cha kufulia cha hoteli moja kubwa, chini kabisa ya jengo, penye mvuke usiokatika na mashuka yasiyokwisha. Shati likipita mikononi mwake, hata inzi angeteleza juu yake. Hakuolewa, hakuzaa. Aliyemlea kama mwanawe ni mdogo wake wa mwisho, Kitinda. Mama yao alifariki akamwachia huyo mtoto angali hajui kufunga kamba za viatu.

Mambo yalianza kwa kola. Msimamizi alimletea shati la mgeni, akamwonyesha mahali palipoungua, na Pasi hakupaona hata alipoonyeshwa. Daktari akammulika macho, akamwambia ni mtoto wa jicho, macho yote mawili, na la kulia ndilo baya zaidi.

"Tutakupasua mwezi ujao," daktari alisema. "Bima ya kazini italipa. Ila ukiacha kazi, na bima inaishia hapohapo."

Pasi alikuwa ameshapanga kurudi nyumbani. Palepale kliniki akampigia Kitinda simu. Kwa miaka kadhaa alikuwa akimtumia mchango wa bima ya afya ya huko nyumbani, ili siku akirudi asianze upya, maana kadi mpya hailipii upasuaji mpaka mwaka upite.

"Nipasuliwe huku kwanza, au nije?"

"Dada, upasuliwe ugenini, nani atakushika mkono?" Kitinda alijibu. "Kadi yako ipo, nimeifungia kabatini. Wewe njoo tu."

Angemwamini nani kama si huyo? Akarudisha aproni, akaagana na wenzake, akaja.

Alipokewa vizuri. Chumba kimepigwa rangi, kitanda kipya. Lakini kila akiulizia kadi alipigwa danadana. Mara imepelekwa kuhuishwa, mara mtandao umekata, mara afisa mwenyewe yuko likizo. Na wifi yake, aliyekuwa akicheka naye kwenye simu mpaka salio linaisha, sasa neno "kadi" likitajwa tu anakumbuka kitu jikoni.

Asubuhi moja Pasi alisikia redioni kwamba hospitali inahitaji kitambulisho tu, kadi si lazima. Akanawa uso, akajifunga mtandio, akaenda mwenyewe.

Karani wa mapokezi, binti mpole, alimwomba aweke kidole kwenye mashine. Mashine ikakataa. Akaweka kingine. Ikakataa. Binti akampa kitambaa afute.

"Mwanangu, vidole hivi vimeliwa na sabuni," Pasi akasema, na watu wa foleni wakacheka.

"Usijali, mama, nitakuuliza maswali mawili matatu. Naona mara ya mwisho ulikuja hapa kujifungua, mwaka juzi. Mtoto hajambo?"

Pasi akacheka kwa sauti. "Mimi? Mtoto niliye naye ni huyu wa jichoni tu!"

Binti hakucheka. Alitazama kioo cha kompyuta, akamtazama yeye, kisha akakigeuza taratibu. Pasi akasogeza uso hadi pua ikakaribia kugusa. Jina lilikuwa lake. Tarehe ya kuzaliwa ilikuwa yake. Sura ilikuwa ya wifi yake, amejifunga kilemba cha zambarau alichotumiwa na Pasi mwenyewe.

"Unamfahamu?" binti aliuliza kwa sauti ya chini.

"Namfahamu," Pasi akasema. "Ni mke wa mdogo wangu."

Aliporudi nyumbani, Kitinda alikuwa barazani, amefungua feni anaitengeneza. Pasi hakuketi.

"Kitinda, mimi nimezaa lini?"

Bisibisi ikasimama. "Dada..."

"Nakuuliza. Nimezaa lini?"

Wifi akatokeza mlangoni na mtoto kiunoni, akasimama. Ndipo Kitinda akasema. Mimba ya kwanza ilikuwa na matatizo, mkewe alihitaji upasuaji, na wao hawakuwa na bima. "Wewe ulikuwa mzima huko, Dada, mchango unaingia bure. Nikaona niweke picha na vidole vyake kwenye kadi yako, mara moja tu."

"Mara moja ikawa mbili."

"Nilitaka kukuambia."

"La mkeo ningelielewa. Ungeniambia, ningekupa hata figo. Lakini nilikupigia simu daktari amesimama mbele yangu, nikakuuliza: nipasuliwe huku, au nije? Ukaniambia njoo."

"Niliogopa ungekasirika."

"Kwa hiyo ukaona heri nipofuke kuliko nikasirike."

Wifi akaanza kulia. "Wifi, mimi nilimwambia akuambie."

"Na wewe mdomo wako ulikuwa umemwazima nani?"

Kitinda akasimama, akamshika mkono. Akasema wakae kimya tu, kuna mtu anamjua pale ofisi ya bima, atabadilisha picha, hakuna atakayejua. Hilo ndilo lililomkata Pasi maini kuliko yote: kwamba hata sasa, dawa ya uongo ilikuwa uongo mwingine, naye awe ndani yake.

Kesho yake alikwenda ofisi ya bima akasema kweli yote. Wakaifuta kadi ile. Wakamwandikia mpya, yenye sura yake, na mwaka mzima wa kungoja. Mjomba wao akaja kumlaumu kwamba amemwanika mdogo wake. "Mla nawe hafi nawe, ila mzaliwa nawe," akasema.

"Mzaliwa nami ndiye aliyeniambia njoo," Pasi akamjibu.

Akahama, akapanga chumba karibu na soko. Alipiga pasi nguo za watu kwa kupapasa mishono, jicho la kulia likizidi kuwa jeupe. Mwaka ulipotimia alipasuliwa. La kushoto likafunguka vizuri. La kulia, daktari alisema, limechelewa. Presha ya ndani ya jicho imeshaharibu mshipa wa kuonea. Litabaki na mwanga na kivuli tu.

Kitinda alikuja wodini, akasimama upande wa kulia. "Dada, ni mimi."

"Nimekujua kwa sauti."

Akaomba msamaha, akalia, mtu mzima yule.

"Nimekusamehe siku nyingi," Pasi akamwambia. "Keti. Watoto hawajambo?"

Wakaongea habari za watoto, za mvua, za paa linalovuja. Waliongea vizuri. Mwisho wa saa za wageni, muuguzi akaja kuuliza ni nani atakayemchukua mgonjwa nyumbani kesho, na Kitinda akainuka haraka.

"Hapana," Pasi akamwambia muuguzi. "Niitie teksi, mwanangu."